Swali la Mwezi: Risasi ipi kwa mnyama yupi?

Swali la mwezi huu limetoka kwa mwenzetu wa mwaka wa pili, mkaazi wa Ruwais, Jeddah. Anaandika kuwa jamaa wa babake wanakwenda Tanzania kuwinda wakati wa likizo, kwa vibali kamili, nao wamemwomba afuatane nao awe mkalimani wao. Wao hawajui Kiswahili, na watu watakaokuwa nao porini hawajui Kiarabu. Katika maandalizi wakamwambia awaulize wenyeji wao kwa simu: tuje na risasi gani? Jibu likaja: "Ngumu na laini, na zisiwe nyepesi." Akalitafsiri neno kwa neno, na jamaa wakabaki kutazamana. Sasa anatuuliza: risasi laini ni risasi gani? Na kwa nini mtu abebe aina mbili?

Tumelichagua swali hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya lugha. Kiswahili chetu sisi tuliozaliwa huku ni cha jikoni, cha arusi na cha kugombezwa na mama. Mtu anaweza kujua majina ya mapishi yote ya wali na asijue sehemu moja ya bunduki. Ya pili ni kwamba hapa tafsiri mbaya haiishii kwenye kicheko. Mwindaji akifika na risasi isiyofaa, swala atakimbia na jeraha akafie mbali baada ya siku mbili, au nyati aliyejeruhiwa atamgeukia mfuata nyayo. Huyo ndiye anayetangulia mbele ya wote, na mara nyingi mkononi hana ila fimbo.

NENO MOJA, VITU VITATU

Tuanze na neno lenyewe. Risasi limetoka katika Kiarabu, rasas, nayo ni yale madini ya kijivu, mazito na laini. Katika lugha zote mbili jina la madini limekuwa jina la kitu kinachopigwa kwa bunduki. Ndiyo maana Waarabu wanasema qalam rasas na sisi tunasema kalamu ya risasi, ingawa ndani ya kalamu hiyo hamna risasi hata chembe. Ile nyeusi ni grafiti. Na bunduki nayo ina ukoo wake. Ingia duka la njugu hapa Jeddah uombe bunduq, utapimiwa zile njugu za mviringo zinazotiwa kwenye chokoleti. Kutoka njugu, neno likaenda kwenye kitufe cha udongo kilichorushwa kwa upinde, na kutoka kitufe likaenda kwenye silaha ya baruti.

Kwa hiyo mtu akisema risasi kwa Kiswahili, huenda anakusudia kimoja kati ya vitu vitatu: madini, kitu kizima kinachotiwa ndani ya bunduki, au kile kipande kinachotoka mtutuni na kuruka. Kitu kizima kina sehemu nne. Nje kuna ganda la shaba ya manjano. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki. Ndani ya ganda kuna baruti. Na mdomoni mwa ganda kimekaa kichwa cha risasi. Pini ya bunduki inagonga fataki, fataki inawasha baruti, na gesi ya moto inakisukuma kichwa nje kupitia mtutu wenye mifuo ya mzunguko inayokizungusha ili kiende sawa. Ganda linabaki, kichwa kinakwenda. Mwindaji anayeuliza "risasi gani?" mara nyingi anauliza habari ya kichwa, nasi tutazungumza juu ya hicho.

KUPANUKA NA KUPENYA

Kichwa cha risasi kina kazi mbili, na kazi hizo zinagombana. Kazi ya kwanza ni kupenya: kipite ngozi, nyama na mfupa mpaka kifike kwenye moyo na mapafu. Kazi ya pili ni kupanuka: kikifika ndani, ncha ifunuke kama uyoga, ili njia kinayoikata iwe pana, damu imwagike upesi na mnyama aanguke. Kinachopanuka sana husimama mapema, kwa sababu upana wake unakwamwa na nyama. Kisichopanuka kabisa hupenya mno, na huenda kikatokea upande wa pili na kuacha tundu dogo tu.

Risasi laini ndiyo ile inayopanuka. Kiini chake ni madini ya risasi, amevishwa koti la shaba nyekundu, lakini ncha imeachwa wazi bila koti, au imewekewa plastiki au tundu. Ikigonga mwili, ncha inafunuka. Risasi ngumu ni ile ambayo koti lake, nene na imara, limefunika ncha yote, au yote imechongwa kwa shaba tupu. Hiyo haipanuki, inakwenda moja kwa moja.

Kwa nini vikavishwa koti? Zamani vichwa vyote vilikuwa vya risasi tupu. Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na jeshi la Ufaransa likaitumia katika bunduki ya Lebel ya mwaka 1886, mwendo uliongezeka kiasi kwamba risasi tupu, kwa ulaini wake, haikustahimili. Koti la chuma likawa lazima. Baadaye Waingereza waliona kuwa risasi yenye koti zima inampita mtu bila kumsimamisha, na katika kiwanda chao cha Dum Dum, karibu na Calcutta, wakatoa risasi iliyoachwa ncha wazi. Mwaka 1899 mataifa yaliyokutana The Hague yakatoa tamko la kuzikataza vitani risasi zinazopanuka mwilini.

Hapa mtu huuliza: iwapo risasi hiyo imekatazwa kwa binadamu, vipi iwe ndiyo inayotakiwa kwa mnyama? Jibu liko katika nia. Vitani waliotia saini walisema kuwa inatosha askari aondoke katika mapambano, na kumzidishia jeraha ni ukatili. Kwenye uwindaji nia ni mnyama afe, na aliyekusudia kumuua anawajibika kumfupishia mateso. Swala aliyepigwa kwa risasi ngumu anaweza kukimbia kilomita kadhaa na tundu jembamba kifuani kabla hajalala chini. Aliyepigwa mahali pale pale kwa risasi laini iliyofunguka sawasawa kwa kawaida haendi mbali.

WANYAMA NA UZITO WAO

Mwenzetu ameandika kuwa jamaa zake wanataka "ayyil na wakubwa zaidi". Tusimame kidogo. Ayyil wa Kiarabu ndiye ayala wa Biblia ya Kiswahili, yule mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota tena kila mwaka. Porini Afrika Mashariki hayupo. Waliopo ni jamii ya swala, ambao pembe zao hazianguki, na kati yao kuna tofauti kubwa mno. Swala tomi hazidi kilo 35. Swala pala ni kati ya kilo 40 na 75. Tandala dume hupita kilo 200. Pofu dume aweza kufika kilo 900, na huyo bado tunamwita swala! Nyati dume hufikia kilo 800 na tembo dume tani 6. Huwezi kuwa na jibu moja kwa wote hao.

Kwa swala wadogo na wa kati, risasi laini ya kawaida inatosha. Mwili wao ni mwembamba, kwa hivyo kupanuka kunatakiwa kuwe kwa haraka. Bunduki kama .270 Winchester ya mwaka 1925 au .30-06 ya mwaka 1906 zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Namba hizo zenye nukta ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu au wa kichwa cha risasi kwa sehemu za inchi.

Kwa tandala, pofu, nyumbu na kongoni, hali inabadilika. Mabega yao ni mazito, na risasi laini ya kawaida ikienda kwa kasi kubwa huweza kupasuka juu ya mfupa kabla haijafika ndani. Mmarekani John Nosler alikutana na jambo hili mwaka 1946 huko British Columbia, Kanada, alipokuwa akimwinda moose, ayala mkubwa kuliko wote duniani. Risasi zake zilikuwa za kasi, lakini zilifunguka mapema kwenye ngozi yenye tope na misuli, na mnyama hakuanguka. Akarudi nyumbani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hupanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kusukuma. Ugomvi ule wa kupanuka na kupenya akautatua kwa kuugawa nyumba mbili. Tangu hapo zimekuja njia nyingine, kama kulibandika koti kwenye kiini kwa joto lisiachane nacho, au kukitengeneza kichwa chote kwa shaba nyekundu bila risasi ndani, kama kampuni ya Barnes ilivyofanya mwaka 1989. Zote hizo ni risasi laini kwa maana ya kwamba zinapanuka, ila zimefungwa kiunoni. Kwa mwenye kuwinda swala wakubwa, hizo ndizo za kuulizia.

Kwa nyati, wawindaji wengi hutanguliza risasi laini ya aina hiyo iliyofungwa imara, na nyuma yake hupanga ngumu. Ya kwanza mwindaji ana nafasi ya kuchagua: nyati amesimama ubavu, hana habari. Inayofuata haichaguliwi. Nyati huwa anaondoka, amempa mgongo, au anakuja, amempa paji la uso lenye kikalio cha pembe. Hapo inatakiwa risasi ya kupita urefu wa mwili au unene wa mfupa, na laini haiwezi. Kwa tembo ni ngumu tangu ya mwanzo, kwa sababu ubongo wake umefichwa nyuma ya mfupa mnene wenye vyumba vyumba kama mzinga wa nyuki.

Basi, ndugu yetu, hiyo ndiyo "ngumu na laini". Wenyeji wako hawakukupa chaguo. Wamekwambia mzilete zote mbili.

UZITO

Sasa tuje kwenye "zisiwe nyepesi". Vichwa vya risasi hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani kilichotokana na punje ya nafaka. Greni moja ni kama miligramu 65. Kichwa cha greni 180 cha .30-06 ni kama gramu 11.7, na cha greni 300 cha .375 ni kama gramu 19.4. Bunduki moja huweza kutumia vichwa vya uzito mbalimbali. Kwa upana ule ule, kizito zaidi ni kirefu zaidi.

Urefu huo ndio siri ya kupenya. Chukua msumari na sarafu vyenye uzito sawa, uvigonge kwa nyundo ile ile juu ya ubao. Msumari unazama, sarafu inabaki juu. Uzito ni mmoja, lakini wa msumari umekaa nyuma ya ncha ndogo. Ndivyo ilivyo kwa kichwa kirefu, kizito, chembamba. Kilicho chepesi kinaruka kwa kasi na kumfurahisha mwenye kupenda namba, lakini kikigonga bega la pofu kinaishiwa nguvu mapema.

Hakuna aliyelithibitisha hili kama W. D. M. Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa miaka aliyowinda Karamoja, kaskazini ya Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000 wa pembe, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7, ambayo wengine wakiiona ya swala. Risasi yake ilikuwa ndefu, ya greni 173 hivi, ngumu, isiyopinda. Aliyapasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi akiutazama kutoka kila upande.

Habari za Bell husimuliwa vibaya. Wako wanaosema: unaona, bunduki ndogo yatosha! Wanasahau msumeno, wanasahau kuwa alifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka, na kwamba mgeni wa wiki mbili hana jicho lile. Sheria ya Tanzania haikumtungia Bell. Kwa nyati na tembo inataka kaliba isiyopungua .375, sawa na milimita 9.5. Kaliba hiyo ilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, na mpaka leo ndiyo ya kati na kati: inaweza kubeba laini kwa pofu na ngumu kwa nyati katika bunduki moja. Atakaye zaidi atakwenda kwenye .416 Rigby ya mwaka 1911 au .458 Winchester ya mwaka 1956, lakini bega lake litamwambia bei. Anayeiogopa bunduki yake hufumba macho anapovuta kifyatulio, na hapo hakuna risasi itakayomsaidia.

Jambo moja la mwisho katika mlango huu: risasi mbili tofauti, hata za bunduki moja na uzito mmoja, hazipigi lazima mahali pamoja. Jamaa zako wazipige shabaha zote, ngumu na laini, kabla ya safari, kwa idadi ya kutosha, na wabebe zile zile walizozijaribu. Wakifika, kambini huwa kuna karatasi ya kulengea. Mwindaji bingwa atawataka wapige tena, kwa sababu darubini ya bunduki huweza kuhama ndani ya mizigo ya ndege. Wasione wanadharauliwa.

JE, NI HALALI?

Swali hili hakuuliza mwenzetu, lakini tunajua litaulizwa sufuria ikishapanda mekoni. Asili yake ni hadithi ya Adiy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya mnyama aliyepigwa kwa fimbo ya kurushwa: aliyetobolewa kwa ncha analiwa, na aliyekufa kwa kupigwa ubavu wa fimbo haliwi, kwa kuwa huyo ni kama aliyekufa kwa kipigo. Na kile kitufe cha bunduq tulichokitaja juu kilihesabiwa kuwa kinaua kwa kipigo.

Bunduki za baruti zilipokuja, wanavyuoni wakahitilafiana: hiki kitufe cha risasi kinatoboa au kinaponda? Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1836, aliona kuwa risasi inaua kwa kuunguza na kwa nguvu ya kusukuma, haina makali, kwa hivyo mnyama haliwi ila akiwahiwa kuchinjwa. Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, aliona kuwa inatoboa na kupenya, basi analiwa ikiwa mpigaji alipiga bismillahi. Wanavyuoni wengi wa leo, wakiwamo wa huku Saudia, wamefuata rai ya kuruhusu. Na wote wanakubaliana kuwa ukimkuta yu hai, umchinje. Vitabu vya wawindaji wa Kizungu wa enzi za ukoloni vimejaa habari za wabeba bunduki Waislamu waliotimua mbio na kisu mkononi kumwahi mnyama kabla hajakata roho. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, si safu hii.

Tumelitaja kwa sababu linakutana na mada yetu. Mafakihi hawa hawakuwa na darubini wala mizani ya greni, lakini walikuwa wanauliza lile lile: kitu hiki kinafanya nini ndani ya mwili?

RISASI ISIYOPOTEA

Wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea. Risasi nayo haipotei. Kichwa chenye kiini cha risasi kinapofunguka kwa kasi humwaga vipande vidogo vidogo ndani ya nyama, vingine kama vumbi, mbali na tundu lenyewe. Picha za eksirei za nyama ya mawindo zimevionyesha. Na risasi ni sumu, zaidi kwa watoto na kwa mama mjamzito. Kwa hiyo nyama iliyo karibu na jeraha ikatwe kwa ukarimu na itupwe.

Itupwe wapi? Tumbusi hula matumbo yanayoachwa porini, na tumbo lao kali huiyeyusha risasi ikaingia katika damu. Huko Botswana watafiti walipima damu za tumbusi na kukuta risasi kwa wingi, wakaihusisha na uwindaji. Jimbo la California, kwa ajili ya ndege wao aitwaye kondori, limekataza risasi zenye madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Denmark ilizikataza za mtutu wa mifuo mwaka 2024. Wanaotumia vichwa vya shaba tupu wanapata kinachopanuka, kinachobaki kizima na kisichoacha sumu. Ni ghali zaidi, na kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko risasi, kichwa huwa kirefu zaidi, na si kila mtutu unakipenda. Lakini kwa jamaa watakaogawa nyama kijijini, tungewashauri wavijaribu kwanza hivyo.

KABLA YA KUULIZA RISASI IPI

Liko swali linalotangulia yote haya: je, mnyama huyu apigwe? Sisi wa huku tuna sababu ya kulijua. Choroa wa Arabuni, ambaye Waarabu wanamwita maha, aliishi jangwani hapa kwa maelfu ya miaka, akiwindwa kwa farasi na mishale. Bunduki za kisasa na magari zilipokutana jangwani katika karne ya 20, alimalizika ndani ya umri wa mtu mmoja. Mwaka 1972 wa mwisho walitoweka Oman, katika Jiddat al-Harasis. Kilichomwokoa ni kwamba wachache walikamatwa mwaka 1962 wakapelekwa Phoenix, Arizona, na wengine wakatoka katika mifugo ya Mfalme Saud mjini Riyadh. Wana wao walirudishwa Oman mwaka 1982, kisha Mahazat as-Sayd, kaskazini mashariki ya Taif, mwaka 1990, na Uruq Bani Ma'arid, ukingoni mwa Rub' al-Khali, mwaka 1995. Mwaka 2023, katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Riyadh hapa hapa, Uruq Bani Ma'arid iliandikwa kuwa urithi wa dunia. Leo sheria inakataza kumwinda yeye, swala wa jangwani na mbuzi-mwitu wa milimani.

Huko kwetu Afrika Mashariki nako kila nchi imejibu kivyake. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua mwaka 1978, na leo unasimamiwa na TAWA kwa vitalu, leseni na idadi maalumu ya wanyama. Askari wa wanyamapori hufuatana na wageni, na mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa: mgeni analipa kama aliyempata. Kwa hiyo anayepiga kwa risasi isiyofaa anaikosa nyama na ada ile ile anailipa.

Ewe mkalimani wetu, utakapokuwa kati ya mgeni na mfuata nyayo, yako maneno matatu ambayo hutakiwi kuyapamba wala kuyapunguza: "piga", "ngoja" na "usipige". Risasi iliyo bora kabisa, ikipigwa baada ya neno la tatu, ni mbaya.

MSAMIATI WA MWEZI

Kichwa cha risasi: kipande kinachoruka kutoka mtutuni.
Ganda: kikopo cha shaba kinachobaki baada ya risasi kupigwa.
Fataki: kidonge kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti.
Mtutu: bomba la bunduki.
Kifyatulio: kidude kinachovutwa kwa kidole ili bunduki ilie.
Marisaa: chembe ndogo nyingi za risasi zinazopigwa kwa mara moja, za ndege.
Gobori: bunduki ya zamani ya kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu.
Kitalu: eneo la uwindaji lililokodishwa kwa kampuni.
Mwindaji bingwa: mwenye leseni ya kuwaongoza wageni wanaowinda.
Mfuata nyayo: anayesoma alama za mnyama ardhini.

Swali la mwezi ujao limetoka kwa dada yetu wa Riyadh: kwa nini bibi yake wa Lamu husema "ndizi" kwa tunda ambalo mama yake wa Moshi analiita kwa majina matano? Wenye bibi na mama wa kuwauliza, waulizeni mapema, mtuletee majibu.